Moja Kati ya Kumi

Oginosawa, 6 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Theluji ya kwanza ilianguka jana, nyepesi, ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Mimi mzima, ila nina hasira. Najua barua haianzi na hasira, lakini wewe kwenye simu husikii kitu, na Mama nikimwambia atalia, kwa hiyo itabidi univumilie.

Huu ni mwezi wa tatu niko kwenye kituo hiki cha mchana cha wazee. Basi dogo linawaleta ishirini na watatu saa tatu asubuhi na kuwarudisha makwao saa kumi. Wote walishatia saini kukubali utafiti wangu, tena kwa furaha. Kila asubuhi navaa koti jeupe, nakaa na mmoja mmoja, namwuliza: kutoka sifuri mpaka kumi, leo unaumwa kiasi gani? Unajua wananijibu nini, Bibi? Moja. Wote! Mzee Iwakiri aliyekuwa seremala, kuinuka kitini kunamchukua muda wa kuchemsha birika, anasema moja. Bi Fusae anatembea amejishika kiuno tangu mwezi uliopita, naye anasema moja, kisha ananiuliza kama mimi nimekula.

Nilimlalamikia muuguzi mkuu, Bi Wakako. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa ulitaka waseme nini, Mwalimu? Sifuri ni majivuno. Mbili ni kusumbua watu."

Tena wiki ya kwanza nilifanya ujinga wangu, nikawapelekea biskuti, kila mtu pakiti yake. Kesho yake kila mtu kaja na zawadi ya kurudisha. Nina figili kumi na moja ndefu kama mkono chumbani kwangu, nyingine naoga nazo kwa kukosa pa kuziweka. Sithubutu kusema asante kwa zawadi nyingine, maana zitakuja ishirini.

Hayo ya figili ni ya kucheka. La kulia ni hili: Profesa Tsukuda, msimamizi wangu, ameandika kwamba kama mwisho wa Februari ukifika sina kitu ila moja, moja, moja, basi hakuna tasnifu. Anasema nimeshindwa kupata jibu. Miaka minne, Bibi. Naogopa kweli.

Niombee. Ningekuambia unigongee muhuri wa bahati, lakini nakujua wewe na mihuri yako. Ule wa tarehe 31 Agosti, nilipokuwa na miaka tisa, sijakusamehe mpaka leo. Kadi nzima ya mazoezi ya asubuhi ya likizo ilijaa mihuri, mmoja kwa kila siku niliyohudhuria, ukaniachia kisanduku kimoja kitupu!

Mjukuu wako,
Sayo

---

Kakizawa, 11 Novemba

Sayo,

Mimi mzima, kama kawaida. Persimoni mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanainama. Ijumaa napanda ngazi kuzichuma, halafu nitazimenya, nizitunge kwenye nyuzi na kuzianika chini ya paa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Mtoto wa watu amesoma mpaka macho yameingia ndani, na hajui kwamba mtu mwenye kalamu mkononi haambiwi ukweli! Umekaa pale na koti jeupe, wanakuita Mwalimu. Nani atamlalamikia Mwalimu? Hata mimi ningesema moja.

Sikiliza. Vua hilo koti. Kalamu iweke mfukoni. Hapo kituoni lazima wanafanya mazoezi ya viungo ya redioni, yale yanayofuata kinanda, maana hakuna mahali katika nchi hii wazee wamekusanyika bila kile kinanda kulia. Simama nao ufanye. Miaka thelathini na nane nimesimama juu ya kreti la bia mbele ya kijiji hiki kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wao wakinifuatisha. Nikiwa pale juu namjua aliyegombana na mumewe, namjua aliyelewa jana, na namjua anayeumwa. Mdomo utasema unachotaka. Mkono ukishindwa kupanda, umeshindwa. Hao wazee wako waambie kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Yule jirani yangu Takizawa bado analitamani kreti. Ana miaka sabini na tatu, anajiita kijana. Jana ananiambia, "Bi Tomie, pumzika, niachie mimi." Nikamwambia atalipata siku ya mazishi yangu, na hapo pia aombe ruhusa.

Muhuri hupewa aliyesimama. Siku ile hukusimama, ulisema umepitiwa na usingizi. Yameisha hayo.

Bibi yako,
Tomie

---

Oginosawa, 24 Novemba

Bibi,

Koti nimevua! Sasa navaa sweta ya kijani uliyonifumia, ile yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na hiyo peke yake imenipunguzia cheo. Hakuna aliyeniita Mwalimu tangu Jumatatu iliyopita.

Saa nne kamili Bi Wakako anawasha kinanda. Siku ya kwanza nilisimama nyuma, Mzee Iwakiri akageuka.

"Binti, hayo ni mazoezi au unafukuza nyuki?"

"Nimefundishwa na bibi yangu wa Kakizawa," nikamwambia.

"Basi bibi yako anafuga nyuki."

Walicheka wote, na Bi Fusae akanisogeza mbele kabisa, akisema nikae pale watu wapate cha kutazama. Kumbe ndiyo mahali pazuri kuliko pote! Bibi, uliyoyasema ni kweli tupu. Zoezi la kuinama, watu wote wanainama, Bi Fusae amesimama wima kama mlingoti na anatabasamu. Zoezi la kukunja magoti, Mzee Iwakiri ghafla anakumbuka kufunga kifungo cha shati. Kila siku kifungo kile kile. Jioni nachora kila mtu na mahali anapoishia. Nina michoro ishirini na mitatu.

Lakini nikiwauliza baadaye, ni moja tu. Naona maumivu kwa macho yangu na siwezi kuyaandika, kwa sababu mwenyewe hajasema. Profesa hatakubali michoro ya vifungo.

Persimoni umeshazianika? Nitumie uzi mmoja, hapa wanauza kavu kama ngozi ya kiatu.

Sayo

---

Kakizawa, 3 Desemba

Sayo,

Mimi mzima. Naandika kwa penseli, brashi yangu ya kuandikia imenyonyoka.

Persimoni mwaka huu nimewaachia ndege. Nao wana njaa.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Mimi napuliza firimbi, Takizawa anaonyesha. Vijana lazima wajifunze.

Vaa soksi mbili.

Bibi

---

Oginosawa, 19 Desemba

Bibi, Bibi, Bibi!

Nimewapata! Sijui nianzie wapi.

Jana baada ya mazoezi tulikaa kunywa chai. Nilikuwa nimechoka na dodoso langu, nimeshalikunja. Nikasema tu, kama mtu anayepiga soga, "Hivi hapa kituoni, ni nani anayeumwa?"

Mzee Iwakiri akaweka kikombe chini.

"Mimi sina kitu," akasema. "Lakini huyu Fusae, mtu asimguse mgongo. Tangu Oktoba hainami. Viatu vyake namfungia mimi."

"Haa!" Bi Fusae akaruka. "Unanisema mimi? Wewe goti lako linalia kama mlango wa ghala! Juzi ulishuka ngazi kinyumenyume, watu walidhani umesahau kitu!"

"Hilo si goti, ni baridi."

"Baridi ya mguu mmoja?"

Basi ikawa kama sokoni, Bibi. Huyu anamtaja yule, yule anamtaja mwenzake, na kila aliyetajwa anawekewa namba, meza nzima. Kujisema mwenyewe ni kusumbua watu, lakini kumsemea mwenzako ni kumjali, kwa hiyo hakuna aliyenyamaza! Mimi miezi mitatu nilikuwa nagonga mlango usiofunguka kwa ndani, na ufunguo anao jirani. Wote walipokwisha kutajwa, nikamwuliza kila mmoja: mwenzako kakuwekea saba, ni kweli? Mzee Iwakiri akasugua goti. Akasema, "Amenipunguzia. Ni nane." Bi Fusae akamshika mkono, na hakumtania tena.

Leo daktari wa zahanati amempiga picha Bi Fusae. Mfupa wa mgongo una ufa, miezi miwili na nusu anatembea nao. Amefungwa mkanda, amepewa dawa, mchana amelala usingizi wa kukoroma kituoni na kila mtu amekataza kelele. Daktari anasema tumewahi. Tumewahi, Bibi! Nililia chooni, kisha nikatoka nikala figili.

Nina mfumo wangu sasa. Nina tasnifu. Nakushukuru wewe na kreti lako.

Sayo

---

Oginosawa, 21 Desemba

Kwa Mzee Takizawa, Kakizawa

Shikamoo Mzee. Ni mimi Sayo, mjukuu wa Bi Tomie, yule aliyevunja dirisha lako la bafuni kwa mpira.

Jana nilizipanga barua za Bibi mezani nizisome upya kwa raha. Ya Novemba imeandikwa kwa brashi, kurasa mbili, herufi zimenyooka. Ya Desemba ni penseli, mistari imelala upande mmoja kama mtu aliyeshika kalamu kwa mkono asiouzoea. Bibi yangu hajawahi kuwaachia ndege persimoni, hata mwaka aliofariki Babu alizianika. Na hajawahi kumwachia mtu kreti. Nimekaa miezi minne nasoma wazee wa watu, wa kwangu akaniponyoka.

Nikimwuliza yeye, najua atakachojibu. Kwa hiyo nakuuliza wewe: hapo kwenye nyumba ya pili kutoka kisimani, ni nani anayeumwa?

Kwa heshima,
Sayo Kuwabara

---

Kakizawa, 24 Desemba

Marahaba Sayo. Dirisha nilishasamehe.

Niliapishwa. Lakini niliapishwa nisiseme kama ameanguka, na wewe hukuniuliza kama ameanguka. Umeuliza nani anayeumwa. Basi nakujibu.

Ijumaa ya tarehe 14 Novemba alikuwa juu ya ngazi. Nilimwambia, "Bi Tomie, zile za juu niachie." Akasema, "Unataka kreti, sasa unataka na mti?" Akanyoosha mkono, ngazi ikateleza, akaangukia bega la kulia. Nilipomfikia alikuwa ameshakaa, uso mweupe, anasema amekaa kupumzika. Tangu siku ile anakula kwa kijiko na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia anauficha ndani ya skafu, anawaambia watu ni mtindo wa mjini.

Nilitaka kumpeleka hospitali siku ile ile. Akakataa katakata. "Sayo akisikia atatupa vitabu aje kuniuguza," akasema, "na miaka minne ya mtoto itakwenda na maji kwa sababu ya persimoni sita." Ndiyo maana.

Sayo, nitakwambia na langu. Kreti nilikuwa nalitaka, sikatai. Miaka kumi nimelitamani. Sasa ninasimama juu yake kila asubuhi, yeye amekaa kitini na firimbi, na watu wananifuatisha mimi huku wanamtazama yeye. Halina raha hata kidogo. Njoo umchukue umpeleke, tafadhali. Bi Tomie alinisomea barua zako, kwa hiyo na mimi namwekea namba: tisa kati ya kumi.

Takizawa

---

Hospitali, 20 Februari

Wewe msaliti,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi ni kubwa na maneno ni machache. Una bahati.

Wajukuu wengine wanakuja Mwaka Mpya na salamu. Wewe ulivua viatu, ukawasha redio, ukasimama mbele ya meza ya kupashia miguu joto, ukasema, "Bibi, nionyeshe zoezi la kwanza." Zoezi la kwanza! Mikono miwili juu! Mimi niliyewafundisha watoto wa kijiji kizima! Mkono ukaishia kifuani. Nikasema, "Moja." Ukasema, "Bibi." Basi. Ukabaki umenyoosha mikono yako juu unanisubiri, na kile kinanda kinaendelea. Nikasema nane. Kisha nikasema si nane, ni tisa. Nililia mbele ya mama yako uliyekuja naye, nikaona aibu, halafu nikaona nafuu kuliko aibu.

Niliogopa utaacha kazi yako. Ulikaa siku nne, ukanipeleka kwa daktari, ukapanga kila kitu, ukarudi Oginosawa na basi la mchana. Kumbe nilimficha mtu asiyehitaji kufichwa. Nilikuwa mjinga, na hilo silirudii kwa sauti.

Kano la bega lilikuwa limekatika. Wameliunganisha tarehe 9. Daktari wa upasuaji ni kijana, anakunja uso, nampenda. Anasema miezi mitano ya mazoezi ya viungo, na kwamba kwa umri wangu huenda mkono usifike juu kabisa. Nimemwambia hanijui.

Leo ni sita. Unaona? Nimesema, na hakuna aliyekufa.

Sasa nenda ukawashinde hao maprofesa.

Bibi

---

Oginosawa, 15 Machi

Bibi yangu,

Nimewashinda!

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, na suti zao, na Profesa Tsukuda katikati na uso wa jiwe. Niliwaonyesha majibu ya miezi mitatu ya kwanza: moja, moja, moja, ukurasa mzima. Wawili wakaangaliana. Halafu nikaweka ya baada ya Desemba, baada ya kuuliza "nani anayeumwa" badala ya "unaumwa." Tano, saba, nane, nne, nane. Na chini yake, wangapi wamepelekwa kwa daktari: kumi na mmoja.

Mmoja wao, mzee mkali kuliko wote, akakunja mikono.

"Njia hii umeitoa kwenye kitabu gani?"

"Hakuna kitabu," nikamjibu. "Nusu nimepewa na bibi yangu, nusu nimemkamata nayo yeye mwenyewe."

Nikadhani nimeharibu. Lakini yule mzee alishusha miwani, akasema kwa sauti ya chini kwamba mke wake amekuwa akikataa kwenda matembezini tangu kiangazi, na kwamba akitoka hapo atampigia simu dada wa mkewe amwulize. Profesa Tsukuda akasema, "Nadhani hatuna swali jingine." Wamepitisha wote watano! Mimi sasa ni Daktari Kuwabara, na nimepiga kelele kwenye lifti mpaka mlinzi akaja.

Niliporudi kituoni walinisubiri na wali mwekundu wa sherehe. Bi Fusae ameinama. Kidogo tu, kama mtu anayesalimia jirani asiyempenda, lakini ameinama, na watu wote wakampigia makofi katikati ya zoezi. Mzee Iwakiri ana dawa ya goti, na kifungo cha shati amekiacha kipumue. Wamenipa figili ishirini na tatu. Nimezichukua zote.

Wewe ni ngapi leo?

Sayo

---

Kakizawa, 26 Julai

Sayo, Daktari wangu,

Mimi bega linauma kidogo. Tatu kati ya kumi, mbili nikishaoga. Hayo ndiyo yangu, sasa nikueleze.

Jana likizo ya watoto imeanza. Saa kumi na mbili na robo uwanja ulikuwa umejaa, watoto arobaini na kadi zao shingoni, nusu wamelala wamesimama. Takizawa alikuwa ameshaweka kreti mahali pake na amelifuta. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu na firimbi yangu. Akaja akanisimamia mbele.

"Bi Tomie, hicho kiti ni changu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Mimi ni kijana lakini nimechoka."

Akanipa mkono nipande. Sayo, niliogopa, nakwambia kwa kuwa siku hizi nawaambia watu. Kinanda kikaanza. Nikainua mikono yote miwili. Wa kulia ukapita kifuani, ukapita sikio, hapo ukakwama, na nikauona uso wa Takizawa pale chini umekwama nao. Nikavuta pumzi. Ukapanda. Ulifika juu kabisa, Sayo, juu ya kichwa changu, sambamba na mwenziwe! Watoto hawakujua kitu, walinifuatisha tu. Lakini wakubwa walipiga kelele kama kijiji kimeshinda mbio, na Takizawa alilia na firimbi mdomoni, kila kwikwi ikapuliza, watoto wakakosea zoezi la pili lote.

Baadaye nilikaa kuwagongea mihuri. Akaja msichana mmoja mdogo, anachechemea. Nikamwuliza mwenzake, "Huyu ana nini?" Akasema, "Kajikwaa kidole, anaogopa kusema." Mwenyewe akainamisha kichwa. Nikamtazama, na nikakuona wewe.

Mama yako alinieleza siku niliyolazwa. Ile asubuhi ya tarehe 31 Agosti hukupitiwa na usingizi. Ulikuwa na homa na tumbo lilikuuma tangu alfajiri, ukaogopa kuniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kwamba watu wa nyumba hii hawalalamiki. Nilikunyima muhuri ukiwa unaumwa. Miaka ishirini na mbili nimelala vizuri na jambo hilo, na sasa limeniuma kuliko bega. Nisamehe, mjukuu wangu.

Kadi yako nilikuwa nayo, kwenye droo ya mihuri, sikuwahi kuitupa. Nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Kisanduku cha mwisho kitazame vizuri. Muhuri umepinda kidogo, wino umezidi upande mmoja, kwa sababu nimeugonga kwa mkono wa kulia.

Bibi yako,
Tomie